Krimu ya jua yenye rangi kwenye uso wa chunusi: nimejaribu nusu uso siku kumi, matokeo yamenichanganya

Msomeshaji wa Wete

Assalaam alaykum. Mnivumilie, nimeandika kirefu makusudi. Kila nikiuliza kwa ufupi najibiwa "kunywa maji mengi" na mambo yanaishia hapo.

Nina miaka 27, nasomesha skuli ya msingi hapa Wete, darasa la pili. Chunusi ninazo tangu nina miaka 14. Si zile za kutisha, lakini haziniachi: mbili tatu kidevuni, nyingine kando ya taya, na kila moja ikipona inaacha doa jeusi linalokaa miezi. Madoa ndiyo yanayoniuma kuliko chunusi zenyewe. Januari skuli zilipofunguliwa, mtoto mmoja wa safu ya mbele aliniuliza kwa sauti, "Mwalimu, una tetekuwanga?" Mtoto wa miaka saba hana ubaya, alikuwa ananionea huruma. Nikamwambia sina, nikageukia ubaoni. Chaki ilinikatikia mkononi mara mbili kabla sijamaliza kuandika tarehe.

Mwisho wa mwezi ule nilivuka Unguja harusini, nikapita sokoni Darajani kutafuta krimu ya jua yenye rangi. Faundesheni siiwezi, inanifanya nijihisi nimevaa uso wa mtu mwingine. Nilitaka kitu chepesi, kifunike madoa na kinikinge na jua kwa pamoja. Duka lilikuwa na taa zile nyeupe za mirija. Muuzaji akanipaka mgongoni mwa mkono, ikaonekana imekaa sawasawa. Nilipotoka nje juani mkono ulikuwa kama umepakwa majivu. Nikarudi, nikaomba rangi inayofuata, na safari hii nikajipaka kando ya taya, nikaenda kusimama mlangoni na kioo cha mkobani. Ya tatu ndiyo iliyonikubali. Nikalipa 38,000. Kwenye boti ya kurudi Pemba, baada ya kama saa moja na jasho kidogo, nikajitazama tena: imeingia wekundu wa tofali. Si sana, lakini nauona.

Kopo limeandikwa SPF 50, yaani kipimo cha kinga ya jua, halizibi vinyweleo, na halitoki kwa maji kwa dakika 80. Hilo la mwisho nilifurahi nalo dukani, nyumbani likawa tatizo, kwa sababu mimi nasali. Maji ya udhu lazima yaifikie ngozi, na hii krimu ukiipaka maji yanaviringika juu yake kama juu ya jani la mgomba. Kwa hiyo Adhuhuri nakosha uso kwa sabuni, Alasiri kwa sabuni, Magharibi kwa sabuni. Uso ukaanza kuvuta na kuchubuka pembeni mwa pua.

Wiki tatu za mwanzo nilipaka uso mzima. Vipele vikaongezeka. Nikasema nisiihukumu kwa kukisia, nijaribu kama tunavyowafundisha watoto. Siku kumi nikapaka upande wa kulia tu, kushoto nikaacha. Kila usiku nilihesabu vipele mbele ya kioo na kuandika kwenye daftari. Siku ya kwanza kulia 6, kushoto 5. Siku ya kumi kulia 11, kushoto 10.

Yaani pande zote mbili zimeongezeka sawasawa! Na kuna kitu kingine kipya, vipele vidogo vidogo kwenye kipaji cha uso, chini ya ukingo wa kofia ya ndani ya mtandio. Havina usaha. Ukipitisha kidole unahisi kama chenga za mchele. Niseme na hili, ili nisifiche kitu: siku nne za mwisho za jaribio nilikuwa katika siku zangu, sikuwa nasali, kwa hiyo krimu ilikaa upande wa kulia tangu asubuhi mpaka usiku bila kukoshwa. Na siku hizo ndizo chunusi zangu hupanda hata bila krimu yoyote.

Sasa nauliza. Krimu ina makosa au haina? Niitupe? Na nyinyi mnaosali na kupaka vitu hivi, mnafanyaje na udhu bila kuumiza ngozi?

Somo wa Mkunazini

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi nimewapamba maharusi miaka mingi, na nyuso za chunusi nimezishika sana kwa mikono hii. Nitakwambia ninachokijua. Chukua liwa, kipande cha mti wenyewe, si unga wa pakiti ambao hujui umechanganywa na nini. Sugua kwenye jiwe la msio kwa marashi ya waridi mpaka upate uji mwepesi, paka usiku dakika ishirini, kosha. Inapoza uso. Wanawake wa hapa walikuwa wakipaka liwa wakatoka nayo hadi uani bila kuona haya, na jua lilikuwa hili hili.

Vitu vya kopo mimi sivipendi, lakini sikukatazi, wewe unasimama mbele ya watu. Ninalokuomba, usishike ndimu. Mabinti wa siku hizi wakiona doa wanakata ndimu. Mwaka juzi nililetewa biarusi amepaka ndimu mashavuni akaenda kuanika nguo juani, uso ulitoka mabaka meusi kama wa kuungua, na harusi imebaki siku tisa. Nililia naye.

Niliyetoka Kwenye Mkorogo

Mwalimu, swali langu moja tu, na usinione vibaya. Kabla ya hii krimu hukuwahi kupaka mkorogo, zile krimu za kuchanganywa za kung'arisha ngozi? Nakuuliza kwa sababu yaliyonikuta mimi yalianza na sura kama hiyo ya kwako, vipele vingi vidogo vilivyotoka kwa mkupuo.

Mimi nilipewa kikopo cheupe kisicho na karatasi, cha kuchotwa kwa kijiko. Siku ya nne uso wangu ulikuwa kama wa mtoto. Kila chunusi imelala. Nikasema hii ndiyo dawa ya maisha yangu. Miezi mitatu. Kilipokwisha na aliyeniuzia hapatikani, uso ukafumuka wote ndani ya wiki, mwekundu, unaungua hata kwa maji ya mtungi. Daktari aliniambia ilikuwa na steroidi kali ndani, zile za kutibia ukurutu, na kwamba ngozi ikizizoea ukiziondoa ghafla ndiyo hulipuka vile. Imenichukua karibu mwaka mzima kutulia. Bado mishipa midogo inaonekana kwenye mashavu.

Kitu kikiondoa chunusi ndani ya siku nne, ogopa. Na chochote ambacho kopo lake halikuandikwa kilichomo, kiache huko huko dukani.

Mfamasia, Unguja

Mwalimu, nimependa daftari lako. Kabla sijasema lolote, nijibu mambo mawili. Usiku unaitoaje hiyo krimu? Na ulipokuwa unajaribu nusu uso, huo upande wa kushoto ambao hukuupaka, usiku ulikuwa unaufanya nini?

Msomeshaji wa Wete

Somo, shikamoo, na ahsante. Liwa ninayo nyumbani, ya marehemu bibi, na jiwe lake. Ndimu sijapaka wala sitapaka.

Dada wa mkorogo, pole sana, kweli. Sijawahi. Nilishawishiwa mara moja kabla ya harusi ya ndugu yangu, lakini harufu ilinikimbiza.

Mfamasia, usiku naitoa kwa mafuta ya nazi. Mama huyapika mwenyewe hapa nyumbani: nazi inakunwa, tui linakamuliwa na kuchemshwa mpaka mafuta yanapanda juu, safi, hayana kitu kingine. Napaka uso mzima, nasugua, nafuta kwa kipande cha kanga kuukuu. Krimu inatoka yote, kanga inabaki na rangi ya chai ya maziwa. Baada ya hapo najimwagia maji matupu, kwa sababu kwa siku nzima uso umeshaonja sabuni mara tatu. Mafuta yanayobaki naona yananisaidia na kule kuchubuka.

Na ndiyo, ule upande wa kushoto niliupaka mafuta vile vile. Niliona ndio usafi.

Sasa ninavyoandika hapa nimeanza kuelewa kwa nini umeuliza.

Mfamasia, Unguja

Umeshafika mwenyewe. Jaribio lako lilikuwa zuri ila lilikuwa na mshukiwa wa pili. Krimu ilikaa upande mmoja, mafuta ya nazi yalikaa pande zote mbili, na vipele vimeongezeka pande zote mbili. Kwa hiyo wa kwanza kumtilia shaka ni mafuta.

Najua tunavyoyaheshimu mafuta ya nazi hapa kwetu, na kwa nywele, kwa mikono, kwa visigino sina neno nayo. Lakini usoni kwa mtu wa chunusi ni miongoni mwa mafuta yanayoziba zaidi. Chunusi huanza ndani ya tundu la kinyweleo: mafuta ya ngozi yanachanganyika na ngozi iliyokufa, tundu linaziba, bakteria wanaoishi humo wanaongezeka, panavimba. Ukiongeza mafuta mazito juu kila usiku, na usiyaondoe kwa kitu chochote, unausaidia mchanganyiko ule. Usafi wa mafuta ya mama hauhusiki. Yangekuwa machafu au masafi, kuziba ni kule kule.

Lakini nisiitoe krimu hatiani haraka, itakuwa nakudanganya. Tundu lililoziba huchukua wiki kadhaa mpaka lionekane kwa macho. Siku kumi zinatosha kujua kama kitu kinakuwasha au kinakuunguza, hazitoshi kujua kama kinaziba. Na zile siku zako nne za mwisho nazo zina mkono wao. Kwa hiyo fanya hivi: acha mafuta, krimu endelea nayo, uso mzima, wiki sita. Kitu kimoja tu kibadilike. Ukiacha vyote viwili pamoja uso ukatulia, hutajua mwizi alikuwa nani, na utaitupa krimu ya 38,000 pengine bure.

Kuitoa, tumia sabuni ya maji ya uso iliyo laini, isiyo na manukato, ile ambayo ukishakosha ngozi haivuti. Na hapa ndipo udhu unapoingia. Usiipake mara tatu ili uikoshe mara tatu. Sali Alfajiri, paka ukijiandaa kwenda skuli, itoe mara moja kwa sabuni laini Adhuhuri, basi. Alasiri na Magharibi uso hauna kitu, maji matupu yanatosha. Mchana jikinge na mtandio na mwavuli. Ukijua jioni utakuwa juani muda mrefu, paka tena baada ya Alasiri, na hiyo ndiyo siku utakayokosha usiku pia. Mambo ya fikihi mwulize mwalimu wako wa chuo cha Kurani, mimi nazungumzia ngozi tu.

Kwa nini sitaki uitupe. Geuza kopo, tafuta namba CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Hizo ni oksidi za chuma, nyekundu, manjano na nyeusi, ndizo zinazoleta rangi. Watu wanadhani rangi ni urembo tu. Madoa ya chunusi kwenye ngozi zetu hayakolezwi na miale ya jua isiyoonekana peke yake, hata mwanga tunaouona kwa macho huyakoleza, na krimu ya jua isiyo na rangi huuzuia mwanga huo kidogo sana. Oksidi za chuma huuzuia. Kwa hiyo kwa mtu ambaye madoa yanamuuma kuliko chunusi, kama ulivyosema, yenye rangi inafaa zaidi kuliko ile ya kawaida. Yale majivu uliyoyaona Darajani ni zinki oksaidi au titani daioksaidi, viungo vinavyokinga jua, ni nyeupe kwa asili yake, na rangi isipotosha kuzifunika hubaki vile. Ulivyofanya, kujipaka kwenye taya na kutoka nje kutazama, ndivyo inavyotakiwa.

Kiasi je? Nina hakika unapaka kidogo kama punje ya njegere, kwa kuogopa rangi kuzidi. Basi SPF 50 hupati. Kipimo chake ni mistari miwili, urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo. Kama ni nyingi mno kwako, paka kwanza krimu ya jua isiyo na rangi kwa kipimo kamili, iache ikauke, kisha hii ya rangi juu yake kwa wepesi. Pengine hata ule wekundu wa tofali utapungua.

Sasa kipaji cha uso. Vipele vile vinawasha? Vyote vina ukubwa mmoja? Kama ndiyo, huenda si chunusi kabisa. Kuna fangasi aitwaye Malasezia, sote tunaishi naye kwenye ngozi, na chakula chake ni mafuta. Joto, jasho, kofia inayobana, na mafuta ya nazi yanayoshuka kutoka kwenye nywele: umemwandalia karamu. Dawa ya chunusi haimwondoi. Usijitibu kwa kubahatisha, nenda hospitali akutazame mtu kwa macho yake.

Kwa chunusi za kidevu na taya, hapa dukani huwa naanza na benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, mara moja kwa siku. Ina tabia ya kutoa rangi kwenye nguo, kwa hiyo ulinde mtandio wako na mto. Ipo pia adapalini ya asilimia 0.1, ya usiku, nzuri kwa madoa na kwa matundu yaliyoziba, lakini inataka subira ya wiki 8 hadi 12. Haitumiwi na mwenye mimba wala anayeitafuta. Ukiwa na nia hiyo mwambie anayekuuzia, hata kama kuna watu dukani.

Kaka wa Michenzani

Samahani kuingilia mazungumzo ya dada zetu. Nimeona mtu huko kwenye kundi jingine amelichukua swali hili na kusema krimu za jua ni za wazungu wa ufukweni. Mdogo wangu ana ualbino. Tangu ana miaka mitano tunampaka kila asubuhi, masikio na nyuma ya shingo vile vile, kwa sababu kwake jua ni saratani. Kule Moshi, kazi iliyoanzia hospitali ya KCMC, wanatengeneza krimu iitwayo KiliSun, kwa ajili ya watu kama yeye. Imetengenezwa Tanzania kwa ngozi za Watanzania. Mwalimu, paka na usimjali mtu. Na kama una mwanafunzi mwenye ualbino darasani, mkalishe mbali na dirisha lenye jua, na ubaoni mweke karibu, macho yao ni mazito kuona mbali.

Niliyetoka Kwenye Mkorogo

Mfamasia, ningekutana nawe miaka minne nyuma.

Mwalimu, nyongeza moja kuhusu sifongo kama unapakia sifongo. Mimi na dada yangu tulikuwa tunatumia kimoja. Nilipokikamua siku moja kwenye beseni jeupe maji yalitoka meusi. Sasa napaka kwa vidole vilivyokoshwa.

Msomeshaji wa Wete

Nimerudi. Zimepita wiki saba, niliahidi moyoni sitaandika mpaka daftari liseme.

Nilivyomwambia mama kwamba mafuta yake ndiyo yanatiliwa shaka, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Basi yatabaki ya nywele." Jioni yake nikamkuta ameniwekea chupa mpya karibu na kitana, kaisukuma mbali na kioo. Sikusema neno, nilimbusu mkono.

Krimu niliendelea nayo vile vile, ile ile ya kopo lile lile. Sabuni ya maji ya uso niliipata mjini Chake Chake, haina harufu wala haitoi povu jingi, siku za mwanzo nilidhani haikoshi. Alfajiri nasali, napaka krimu isiyo na rangi, naivaa kanzu wakati inakauka, halafu ya rangi kidogo juu. Mfamasia ulisema kweli, nilikuwa napaka punje ya njegere. Na wekundu wa tofali umepungua, haujaisha. Naona unazidi siku za joto kali. Nikirudi nyumbani Adhuhuri naitoa, nasali, na uso unabaki mtupu mpaka kesho. Ngozi pembeni mwa pua haichubuki tena. Hilo lilikwisha ndani ya wiki ya kwanza.

Hesabu sasa. Wiki mbili za mwanzo hakuna kilichobadilika, nikakaribia kukata tamaa. Wiki ya nne kulia 7, kushoto 6. Jana usiku kulia 3, kushoto 2, na siku zangu zimepita juzi tu, wakati ambao kwa kawaida ndipo nahesabu nyingi. Kwa ngozi yangu mimi, krimu haikuwa na kosa. Mwingine asichukue jibu langu likawa lake, ajaribu upande mmoja, aache mambo mengine yote kama yalivyo, na asisahau kuandika anachopaka usiku.

Kipaji cha uso nilikwenda hospitali. Vilikuwa vinawasha, nilikuwa sijagundua kwamba najikuna mpaka mfamasia aliponiuliza, siku ya pili nikajikamata najikuna kwa ncha ya kalamu nikisahihisha madaftari. Daktari alitazama kwa tochi, akanipa shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, nipake kwenye kipaji, niache dakika tano, nikoshe. Mpaka wiki ya tatu chenga zilikuwa zimelala. Kofia za ndani nimebadilisha, nimeshona nne za pamba, nabadilisha kila siku, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ya kitambaa cha kuteleza na nilikuwa naivaa siku tatu mfululizo.

Benzoili peroksaidi naipaka kidevuni tu. Taulo langu la kijani limeota mabaka meupe kama ramani, nilionywa nikasahau. Adapalini sikuichukua. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto, inshaallah, kwa hiyo nimemwambia mwuza dawa wazi, na kulikuwa na watu watatu nyuma yangu kama ulivyosema. Aliniheshimu, akaiweka chini ya meza bila maswali.

Somo, liwa nimeipaka usiku wa Ijumaa mbili. Nimesugua kwenye jiwe la bibi, uvunguni mwake bado kuna alama ya msumari aliyoiweka kulitambua kati ya mawe ya jirani. Inapoza kweli. Madoa sijui kama itayafuta, lakini nimelala na harufu yake.

Madoa yenyewe yapo. Yale ya Januari yamefifia, lile kubwa la kidevuni bado linaonekana, na mfamasia nakuuliza hapa hapa: kwa mtu anayetafuta mimba, kuna kitu gani cha madoa ninachoweza kupaka bila hofu, au niendelee na hii krimu tu nisubiri? Na kopo limebaki robo. Nikivuka tena Unguja nichukue rangi ile ile au niteremke moja, maana uso umekaa bila jua miezi miwili na naona taya na shingo havifanani kama zamani.

Mfamasia, Unguja

Hongera, na Mungu awajaalie. Uliza duka la dawa asidi ya azelaiki. Ni ya chunusi na ya madoa pia, na hata wenye mimba huandikiwa, lakini mwonyeshe daktari wako kwanza. Niasinamidi nayo haina tatizo. Krimu usiiache, bila hiyo hizo nyingine zitafanya kazi ya bure.

Rangi usinunue kwa kukumbuka. Nenda na kopo lako, paka mstari mmoja wa ya zamani na mmoja wa mpya kwenye taya, toka mlangoni utazame.